Bwawa la ndege na vyura kwenye ardhioevu: kabla hujaita katapila

Ndugu mleta mada, swali lako nimelisoma kwa makini na naomba nilijibu kwa urefu, maana ni jambo ninalolipenda na nimelifanyia kazi muda mrefu. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu ana kipande cha ardhi ambacho sehemu yake ya chini hutuama maji miezi mingi ya mwaka, ina matete na majani marefu, na anataka achimbe bwawa ili ndege wa majini, vyura na kereng'ende wapate makazi. Fundi wa mitambo amemshauri achimbe kina cha mita tatu, udongo utengenezwe tuta la kuzunguka bwawa, kisha apandikize samaki. Anauliza kama mpango huo uko sawa, na kama kweli anahitaji kibali wakati ardhi ni yake.

Jibu fupi ni kwamba kibali utakihitaji karibu popote ulipo, kina cha mita tatu hakiwafai viumbe unaowataka, tuta litafukia ardhioevu uliyonayo tayari, na samaki watakula mayai na viluwiluwi vya vyura haohao unaowatafuta. Wazo lako ni zuri, mpango wa fundi ndio mbaya. Sasa nieleze kwa nini.

Anza na hilo eneo lenyewe. Watu wengi wakiona mahali pana tope na majani hudhani ni ardhi tupu inayosubiri kufanyiwa kitu. Lakini unyevunyevu ule wa kina cha kidole, ambao ukipita viatu vinalowa lakini hata bata haogelei, ni makazi kamili. Kuna mimea inayoishi hapo tu, kuna vyura wanaotaga kwenye vidimbwi vya maji ya mvua na si kwenye bwawa, kuna ndege wanaochokoa minyoo kwenye tope laini na hawana haja na maji marefu. Mkataba wa Ramsar, ule uliosainiwa kwenye mji wa Ramsar nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, unaitambua ardhioevu kwa upana: vinamasi, maeneo ya mboji (udongo mweusi wa mimea isiyooza) na maeneo ya maji, ya asili au yaliyotengenezwa, ya kudumu au ya muda, yawe yametuama au yanatiririka. Zingatia hilo neno la muda. Sehemu inayokauka kila mwaka si ardhioevu iliyoharibika. Mara nyingi kukauka huko ndiko kunakoiweka hai, kwa sababu samaki wengi hawawezi kudumu humo, na pasipo na samaki viluwiluwi wa vyura na wadudu wa majini hustawi.

Kwa hiyo ukichimba shimo katikati ya kinamasi kizuri umebadilisha makazi ya aina moja kuwa ya aina nyingine, na mara nyingi umetoa yaliyo adimu ukaweka yaliyo ya kawaida. Ndiyo maana mtu akiniita, kabla ya kuzungumza kina na ukubwa, namwomba tulitembelee eneo lake wakati wa mvua na tena wakati wa kiangazi. Tunaangalia mimea gani iko wapi, vyura wanalia upande gani usiku, ndege wanatua wapi. Kama kuna mtaalamu wa mimea au wa amfibia (vyura na jamaa zao) karibu, mlete, hata kama ni mwanafunzi wa chuo. Mwisho wa ziara hizo huwa tunapata ramani ya mkono yenye sehemu ambazo hakuna atakayezigusa, na sehemu ambazo zimeshavurugwa na zinaweza kuguswa. Bwawa linakwenda kwenye hizo za pili: shamba lililoachwa pembeni ya kinamasi, mahali palipomwagwa kifusi zamani, nyasi za aina moja tu zilizoota baada ya kulima, au mtaro wa zamani wa kukausha maji.

Hapo kwenye mtaro nikae kidogo. Tembea ukingo wote wa eneo lako uangalie kama kuna mfereji uliochimbwa zamani kutoa maji, hata kama umefunikwa na majani kiasi kwamba unauona kwa mguu kabla ya jicho. Ukiukuta, inawezekana huhitaji kuchimba chochote. Kuziba mfereji kwa vizibo vya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, hatua kwa hatua, hurudisha maji kwenye eneo zima, na nyuma ya kila kizibo hubaki kidimbwi kidogo. Gharama ni ndogo, uharibifu ni mdogo, na matokeo yake nimeyaona yakishinda mabwawa mengi yaliyochimbwa kwa mitambo mikubwa. Angalizo ni moja: hakikisha maji yatakayopanda hayaingii kwenye shamba au nyumba ya jirani, na kama mfereji unapita kwa watu wengine, kaeni mkubaliane kwanza.

Njia nyingine ni kufufua bwawa lililokufa. Ulizia wazee kama palikuwa na dimbwi hapo zamani. Kule Norfolk, Uingereza, watafiti wamefukua madimbwi yaliyofukiwa na wakulima, wakachimba hadi kwenye lile tope jeusi la zamani na kuliacha lipate mwanga na maji. Mbegu za mimea ya majini zilizokuwa zimelala humo zaidi ya miaka 100 ziliota. Hazina ya namna hiyo huwezi kuinunua popote, na shimo jipya halina.

Tuseme umekagua yote na bado bwawa linahitajika. Swali la kwanza sasa ni maji yanatoka wapi, na hili ndilo watu wengi hulipuuza. Ardhioevu inaweza kushikwa na maji ya chini ya ardhi yanayopanda na kushuka. Inaweza kushikwa na maji ya mvua yaliyokwama juu ya tabaka la mfinyanzi. Au inaweza kulishwa na mto unaofurika. Hali ya kwanza na ya pili juu ya ardhi zinafanana kabisa, lakini ukichimba zinakwenda njia tofauti. Penye maji ya chini ya ardhi, shimo hujaa lenyewe hadi kiwango cha maji yalipo. Penye tabaka la mfinyanzi, hilo tabaka ni sufuria: ukilitoboa umetoa maji ya kinamasi kizima.

Nimewahi kuitwa kutazama mradi mmoja baada ya mambo kuharibika. Mkandarasi alichimba kwa kina alichozoea kuchimba mabwawa ya kunyweshea mifugo, na mfinyanzi wa eneo lile ulikuwa mwembamba, chini yake mchanga. Ndoo ya mtambo ilipofika kwenye mchanga maji yalianza kupotea. Kiangazi kilichofuata bwawa lilikuwa kavu na kinamasi kilicholizunguka, ambacho hakikuguswa, nacho kilikuwa kimepasuka nyufa. Walirudisha mfinyanzi na kuushindilia, maji yakarudi kwa sehemu tu. Mwenye eneo alikuwa mtu mwema aliyetaka ndege.

Kujua una hali gani si kazi ya mashine. Chukua bomba la PVC la inchi mbili, urefu mita moja na nusu hivi, litoboe matundu madogo nusu ya chini, livishe kitambaa kisiruhusu tope kuingia, ziba chini, kisha lizamishe kwenye tundu ulilochimba kwa keekee ya udongo ya mkono. Weka kifuniko juu. Weka mabomba kadhaa kutoka ukingo mkavu hadi katikati, na upime kina cha maji ndani yake kila wiki au kila baada ya wiki mbili, ukiandika tarehe na mvua iliyonyesha. Pitisha angalau msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Ukiwa na daftari hilo, utajua bwawa lako litakuwa na maji miezi gani kabla hujachimba hata beleshi moja, na ofisi ya vibali itakuheshimu.

Wakati unachimba hayo matundu, usitupe udongo. Ulaze juu ya turubai kwa mpangilio uliotoka, wa juu kulia, wa chini kushoto, kisha uuchunguze. Ukikuta rangi ya kijivu au kijivu cha kibuluu, huo udongo unakaa ndani ya maji muda mrefu, kwa sababu pasipo na hewa chuma kilichomo hupoteza wekundu wake. Mara nyingi katikati ya kijivu utaona mistari myembamba ya kutu, ya rangi ya machungwa, ikifuata njia za mizizi. Hapo ndipo mizizi ilipoingiza hewa. Mahali mistari inapokoma na kijivu kinabaki kitupu, panakaribia kiwango ambacho maji hayashuki chini yake hata kiangazi. Ukinusa huenda ukasikia harufu ya yai viza. Chukua donge, lowesha, lisokote kati ya viganja: likitoa uzi mrefu usiokatika ni mfinyanzi mzuri, likimeguka lina mchanga mwingi. Ukishaona mfinyanzi unaisha na mchanga unaanza, andika kina hicho kwa kalamu nyekundu. Hapo mtambo haufiki.

Ukikuta udongo mweusi, mwepesi, wenye nyuzinyuzi za mimea isiyooza, unaokamulika maji kama ukiubana mkononi, simama. Hiyo ni mboji ya kinamasi iliyojengeka kwa maelfu ya miaka. Maeneo ya namna hiyo ni karibu asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini yamehifadhi kaboni nyingi kuliko miti yote ya misitu. Ukiichimba na kuirundika juu, inapata hewa na kuanza kuoza na kuitoa hiyo kaboni. Msimamo wangu hapa haubadiliki: kwenye mboji ya kina kirefu hatuchimbi mabwawa. Tunaziba mifereji, basi.

Sasa kibali. Hoja ya kwamba ardhi ni yangu haikusaidii sana, kwa sababu maji yaliyomo yanapita kwako kwenda kwa wengine, na sheria nyingi zimejengwa juu ya ukweli huo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema serikali inashikilia ardhioevu kwa dhamana kwa niaba ya wananchi. Kenya, kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya mwaka 1999 kinakataza kuchimba au kuvuruga mto, ziwa au ardhioevu bila idhini ya maandishi. Tanzania, kifungu cha 57 cha sheria ya mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, au bwawa la maji. Marekani, kifungu cha 404 cha sheria ya maji safi ya mwaka 1972 kinadhibiti umwagaji wa udongo kwenye maji na ardhioevu zinazolindwa na sheria hiyo, na kibali hutolewa na kikosi cha wahandisi wa jeshi. Angalia hapo: kinachoangaliwa ni udongo unaoumwaga, na siyo shimo peke yake. Lile tuta la fundi wako lingeweza kukuingiza matatani hata kama shimo lenyewe lingepita. Na kuna sheria za spishi. Uingereza, mjusimaji mwenye kishungi mgongoni, amfibia anayefanana na mjusi, analindwa pamoja na makazi yake, kwa hiyo hata kusafisha dimbwi la zamani analoishi bila leseni kunaweza kuwa kosa.

Taja nchi yako, utakuta ofisi zaidi ya moja zinahusika: mazingira, maji, mipango ya ardhi, wakati mwingine wanyamapori na mambo ya kale. Ushauri wangu ni uende kuuliza mapema, kabla hujachora chochote cha mwisho, ukiwa na ramani yako ya mkono na daftari la vipimo vya maji. Uliza kwa maandishi na upokee jibu kwa maandishi. Maneno ya mdomo ya ofisa aliyekuwa kwenye haraka hayatakulinda akihamishwa. Maombi yanayopita kwa urahisi, kwa nilivyoona, yana vitu vya kawaida tu: mchoro wa kutoka juu na wa ubavuni wenye vipimo, maelezo ya maji yanakotoka na yanakokwenda, orodha ya viumbe mliowaona, mahali udongo utakapopelekwa, njia ya mtambo kuingilia na kutokea, na miezi ya kazi. Kama bwawa litazuia au kuchepusha mto au kijito, hiyo ni ngazi nyingine kabisa ya vibali, na kwa bwawa la viumbe mimi nakushauri uachane nayo. Kijito kinaleta tope, mbolea za mashambani na samaki. Bwawa linalojazwa na mvua na maji safi ya ardhini litakuwa na uhai mwingi zaidi.

Hilo la usafi wa maji nalirudia kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu. Umbo zuri lenye maji machafu litajaa mwani wa kijani na mimea ya aina moja. Shimo la umbo la kawaida lenye maji safi litajaa viumbe. Angalia kwenye mwinuko juu ya bwawa pana nini: shamba linalowekwa mbolea, zizi, choo cha shimo, barabara. Kama huwezi kuvidhibiti, sogeza bwawa.

Kuhusu kina na umbo, sahau mita tatu. Viumbe wengi wa bwawa wanaishi kwenye maji yasiyofika goti, na sehemu yenye utajiri kuliko zote ni ile ya sentimita kumi za kwanza kwenye ukingo, pale jua linapofika hadi chini na mimea inasimama nusu ndani nusu nje. Kwa hiyo unachotafuta ni ukingo mrefu wenye mteremko mdogo sana. Mteremko usizidi kushuka mita moja kwa kila mita tano za mlalo, na ukiweza kufika moja kwa ishirini ni bora zaidi. Jaribu kuichora moja kwa ishirini kwenye karatasi, utaona kwamba karibu haionekani kama shimo. Ndivyo inavyotakiwa. Kiwango cha maji kikishuka sentimita chache tu, utepe mpana wa tope laini unabaki wazi, na huo ndio meza ya ndege wa miguu mirefu. Sehemu ya ndani kabisa ikifika mita moja inatosha, na vidimbwi vingine viwe vya sentimita 20 au 30 tu, vikauke kiangazi.

Nimesema vidimbwi kwa wingi. Badala ya bwawa moja kubwa, chimba kadhaa vya ukubwa na kina tofauti, vingine mita mbili kwa tatu tu, vilivyotengana. Kimoja kikiingiliwa na samaki au kikipata uchafu, vingine vinabaki. Kingo zipinde, chini kuwe na mabonde na vichuguu, usimruhusu mwendesha mtambo alainishe kila kitu mwishoni. Waendeshaji wengi wazuri wanajivunia kazi iliyonyooka, na ni lazima ukae nao asubuhi ya kwanza ukawaeleza kwamba hapa alama za ndoo zikibaki ndiyo kazi nzuri.

Samaki usiweke, wa aina yoyote, hata wale wadogo wanaosifiwa kwa kula mbu. Gambusia, samaki wa aina hiyo, walisambazwa duniani kwa sababu hiyo na leo wamo kwenye orodha ya viumbe vamizi wabaya kabisa, kwa kuwa wanakula mayai ya amfibia na wadudu wa maji. Mimea pia usipande. Najua inaumiza kuangalia shimo la tope kwa miezi, lakini mende wa majini na wadudu waogeleao wanaruka usiku na watalipata bwawa lako wenyewe, kereng'ende watafuata, na mbegu zimo kwenye udongo na miguuni mwa ndege. Mimea ya kununua au ya kuchota kwenye mto mwingine ndiyo inayoleta gugu maji na jamaa zake. Na usihamishe vyura wala viluwiluwi kutoka sehemu nyingine. Ugonjwa wa kuvu wa kitridi, uliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, umepunguza idadi ya zaidi ya spishi 500 za amfibia duniani, na unasafiri kwa maji, tope na vyura wanaobebwa. Buti, beleshi na minyororo ya mtambo vioshwe tope lote na kukauka kabisa kabla ya kuingia kwako.

Tuje kwenye udongo na mtambo, ambako miradi mingi mizuri huharibikia. Bwawa la mita 20 kwa 20 lenye kina cha wastani cha nusu mita linatoa mita za ujazo 200 za udongo, na udongo ukichimbuliwa huvimba, kwa hiyo panga kwa zaidi ya hizo. Uende wapi? Si kwenye kinamasi, si kwenye ukingo wa bwawa, si kwenye bonde ambalo maji ya mafuriko hutanda. Upeleke kwenye ardhi ya juu iliyo kavu, usambazwe kwa unene mdogo mahali ambapo pia hapana mimea ya thamani. Kama hakuna mahali pa namna hiyo ndani ya eneo lako, punguza ukubwa wa bwawa. Mimi huwa naanza na swali la udongo utakwenda wapi ndipo nachora bwawa, siyo kinyume chake. Ule udongo wa juu wa kinamasi, sentimita 15 hivi zenye mizizi na mbegu, utengwe peke yake na utumike kufunika sehemu zilizojeruhiwa na mtambo, tena haraka kabla haujakauka.

Kazi ifanyike mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu na vyura na ndege wakiwa hawajaanza kuzaa. Tafuta ekskaveta ndogo yenye minyororo mipana, iingie na kutoka kwa njia moja tu iliyowekewa mbao au mikeka, ichimbe huku ikirudi nyuma. Kabla haijashuka kwenye lori ikague: mabomba ya mafuta ya haidroliki yanayovuja, tope la mradi uliopita kwenye minyororo. Mafuta yajazwe mbali na maji, na kuwe na mchanga au vitambaa vya kunyonya tayari. Uliza pia kama kuna bomba au nyaya zilizopita chini. Ukikuta vigae, mifupa au mawe yaliyopangwa, kazi isimame na mamlaka ya mambo ya kale ijulishwe.

Mtu atauliza kuhusu mbu, na ni swali la haki kabisa. Kwenye nchi zenye malaria, mbu wa kundi la Anopheles gambiae hupenda hasa vidimbwi vidogo vya muda vyenye jua na visivyo na mimea, kama kwato za ng'ombe na nyayo za magurudumu. Hayo maji hayana maadui wa viluwiluwi vya mbu. Bwawa lililokomaa lina watoto wa kereng'ende, mende na wadudu wengine wanaowala. Kwa hiyo hatari yako kubwa ni zile alama za mtambo zilizobaki baada ya kazi: zisawazishe zote siku ileile. Hata hivyo, bwawa lolote likae mbali na nyumba, na vidimbwi vya muda mbali zaidi, na ukaguzi wa viluwiluwi vya mbu uendelee, hasa mwaka wa kwanza. Kichocho nacho kipo kwenye nchi zenye konokono wanaokibeba. Kinga ni kuhakikisha kinyesi na mkojo wa watu havifiki kwenye maji, na kutoruhusu watoto kuogelea. Mteremko mdogo nao ni usalama: mtoto au mnyama akiingia anatoka kwa miguu yake.

Baada ya hapo, vuta subira. Maji yatakuwa ya rangi ya chai ya maziwa kwa muda, kisha yatatulia. Mwaka wa kwanza au wa pili mwani unaweza kutanda, na mara nyingi huondoka wenyewe mimea ikishika. Piga picha kutoka sehemu ileile kila mwezi, andika unachokiona. Mifugo michache inayoingia kwa vipindi inaweza kusaidia kuweka kingo wazi, lakini kundi kubwa linalolala hapo litageuza maji kuwa samadi. Matete yakianza kufunga maji yote, ng'oa sehemu moja kila mwaka, nje ya msimu wa kuzaliana, usimalize yote kwa mkupuo. Gugu geni ukiliona, litoe likiwa bado linaingia mkononi.

Kwa sasa, ndugu, mwambie fundi asubiri. Kama umeshamlipa malipo ya awali, zungumza naye yahamie kwenye kazi ndogo ya mwakani, kwa sababu kabla ya hapo huna vipimo vya maji wala kibali. Wiki hii tembea ukingo utafute mtaro, wiki ijayo weka mabomba. Ukishachimba matundu ya majaribio, weka hapa picha za udongo uliolazwa kwenye turubai, na rula pembeni, pamoja na mwelekeo wa mteremko wa eneo. Nikiona mfinyanzi unaishia wapi na kijivu kinaanzia wapi nitaweza kukuambia kama vidimbwi viende upande wa matete au ule wa shamba lililoachwa.